Kichwa cha Karatasi Si Kibla

Namshukuru Mola aliyenipa umri wa kukosea, kisha akaniongezea umri wa kusimulia nilivyokosea. Si kila mtu hupewa vyote viwili. Wenzangu wengi niliofanya nao kazi ya mipango ya miji hapa Pemba wametangulia mbele ya haki na makosa yao wamekwenda nayo, na nyinyi vijana mnaoingia kazini leo mnadhani wazee wenu walikuwa hawakosei. Tulikuwa tunakosea. Mimi nilikosea kuliko wote, tena kwa mstari ulionyooka.

Juzi walikuja wawili kati yenu kunitazama nyumbani kwangu Madungu, wakaniuliza siri ya kazi hii ni nini. Nikawaambia ni viatu. Wakatazamana, nikajua wanafikiri mzee ameanza kupotea. Sikupotea. Mkikaa na kompyuta mnaiona ardhi kama anavyoiona ndege, na ni jambo zuri, ila sijawahi kukutana na mtu anayeishi huko aliko ndege. Watu wanaishi chini, wanapita kwa miguu, na wengine wamejitwika kitu kichwani.

Nendeni kwenye ardhi siku ya pili ya mvua, msiende siku ya jua. Siku ya jua kila shamba ni kiwanja. Mvua ikishanyesha kwenye vilima vyetu hivi ndipo utajua maji yanataka kupita wapi, na maji hayasomi ramani. Ulizeni wanawake kabla ya wanaume, maana wanaume watakuonesheni mpaka, wanawake watakuonesheni njia. Na mkipima upana wa njia ya mtaa msifikirie gari peke yake. Fikirieni jeneza, watu wanne limewakaa mabegani na wengine ubavuni wakisubiri kupokea. Njia isiyopitisha jeneza bado si njia, hata kama inapitisha pikipiki kumi.

Haya sikuzaliwa nayo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipelekwa Gando nikachore njia za sehemu ya kijiji iliyokuwa inakua. Niliiona njia moja nzuri, pana, imekanyagika hasa, inateremka mpaka bondeni. Nikaifanya barabara kuu ya mchoro wangu, viwanja kushoto, viwanja kulia. Mkubwa wangu wa kazi, marehemu Bwana Othman, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaja kukagua. Aliifuata njia ile mpaka mwisho, akafika kwenye dimbwi, akasimama. Akamuuliza bibi mmoja aliyekuwa akichimba muhogo njia ile inakwenda wapi. Bibi akamjibu haiendi popote, ni ya ng'ombe wa shemeji yake wakienda kunywa maji.

Bwana Othman hakunikaripia. Alikunja mchoro wangu taratibu, akanirudishia.

"Hamad," akasema, "mtaa umeupanga vizuri sana. Ng'ombe wakijaaliwa kusoma watakuja kukushukuru."

Ofisini niliitwa Bwana Ng'ombe mpaka walionipa jina hilo wakastaafu. Nikadhani baada ya aibu ile nimeshachanjwa. Kumbe chanjo ya aibu haidumu, inataka kurudiwa.

Ilirudiwa miaka michache kabla sijastaafu, nikiwa mtu mzima wa ofisi, mwenye miwani miwili, mmoja wa kuonea mbali na mmoja wa kutafuta. Nilikuwa wa kusikilizwa kwenye kamati.

Pembezoni mwa mji palikuwa na mashamba ya muhogo na migomba, na mji ulikuwa umeshaingia humo bila hodi, nyumba moja huku, mbili kule. Kamati ya mipango ikaamua kubadilisha matumizi ya eneo lile, kutoka kilimo kuwa makazi, ili lipate barabara, viwanja, maduka na msikiti. Mchoro nikapewa mimi.

Barabara ilibidi ifuate mgongo wa kilima, na mgongo ule umelala mshazari, unatoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi. Kwenye karatasi ilikuwa haipendezi, inakata kona kwa kona, na viwanja vya mwisho vinatoka nje ya ukingo. Nikafanya ujanja ambao kila mchoraji anaujua. Niliigeuza ramani mpaka barabara ikasimama wima katikati ya karatasi, imenyooka kama herufi ya alifu. Mshale wa kaskazini nikauchora kama inavyotakiwa, mdogo, umeinama kwenye pembe. Hilo halikuwa kosa, kazi inaruhusu.

Kosa nililifanya nilipofika kwenye kiwanja cha msikiti. Kwetu sisi wa visiwa hivi Makka iko upande wa kaskazini, karibu sawasawa, na wazee wetu hawasemi kaskazini, wanasema kibla. Na karibu ramani zote nilizochora maishani mwangu kaskazini ilikuwa juu. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa na mazoea yake, kwamba kichwa cha karatasi ndiyo kibla. Nikachora msikiti mstatili mzuri, mihrabu juu, mlango chini, kushoto barabara, kulia kiwanja cha Bi Mize. Mkono ukasahau kwamba karatasi niliigeuza. Mimi niliyehitimisha Kurani ndevu hazijaota, nikawapangia Waislamu msikiti unaoelekea katikati ya Makka na Tanga.

Na hakuna aliyeona. Kamati nzima ikautazama mchoro, watu wenye alama za sijda kwenye vipaji vya nyuso, wote wakasema mashallah, msikiti uko pazuri. Mwenyekiti akasifu barabara ilivyonyooka. Nikainamisha macho kwa unyenyekevu, ule unyenyekevu wa mtu anayengoja kusifiwa mara ya pili.

Nimemtaja Bi Mize. Alikuwa mjane mwenye umri wa kunizaa, akiishi pale tangu kukiwa na mihogo mitupu. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu, mawe na udongo, bati juu, na aliijenga yeye na marehemu mumewe chumba baada ya chumba, yeye akisuka mikeka na mume akivua pweza. Tulipolibadilisha eneo lile tulimpimia kiwanja palepale na nyumba yake ndani. Nilikwenda mwenyewe kumwambia kwamba mpango wangu haukumgusa hata jiwe. Akanitilia kahawa, akaniombea dua ndefu, nami nikaitika amina kama mtu anayestahili.

Ikafika siku ya kupiga kamba za msingi wa msikiti. Nilialikwa, nikaenda na kanzu mpya. Alikuwepo Fundi Kombo, mwashi, na Maalim Shaame, aliyetarajiwa kuwa imamu. Maalim Shaame ndiye aliyenisomesha Kurani chuoni nilipokuwa mdogo, na mpaka siku ile akinitazama nilikuwa najihisi sijahifadhi. Yeye hakungoja vigingi vyetu. Tangu jana yake alikuwa amesimika kijiti uwanjani akaweka vijiwe kwenye alama za kivuli, kuitafuta kibla.

Fundi Kombo akavuta kamba kwa mujibu wa ramani. Maalim Shaame akaitazama kamba, akatazama vijiwe vyake, akairudia kamba.

"Kombo, kamba hiyo inakwenda wapi?"

"Kibla, Maalim."

"Kibla ya nani?"

Fundi Kombo akatoa simu yake, ambayo ndani mna mshale wa kuonesha kibla. Mshale ukazunguka, ukatulia, ukaelekea jikoni kwa Bi Mize. Akaipigapiga simu kiganjani kama redio mbovu, mshale ukarudi palepale. Akanigeukia, na uso wake ulikuwa na huruma ambayo sikuipenda.

"Mzee Hamad," akasema, "hapa tulipo ni karibu na Tanga kuliko Makka. Tumebakisha boti tu."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mimi nikacheka, maana katika mkusanyiko kama ule asiyecheka ndiye atakayeulizwa.

Kamba zikageuzwa kuelekea kibla ya kweli. Pembe moja ya msikiti ikaingia barabarani, pembe ya pili ikaingia jikoni kwa Bi Mize. Fundi Kombo akasema msikiti wa kiasi kile hauwezi kukaa baina ya barabara na nyumba ile, kwa hiyo ama barabara ipishe ama Bi Mize apishe. Nikasema haraka kwamba liko la tatu, msikiti ubaki ulivyo kwenye ramani, ndani tupige mistari ya safu mshazari, watu waswali hivyo.

Maalim Shaame akanijibu bila kupandisha sauti. Alisema ipo misikiti ya zamani iliyojengwa na watu wasio na cha kupimia, wakakosea, na safu zake ni za mshazari, na swala zao tunazitarajia kwa Mungu. "Lakini sisi cha kupimia tunacho," akasema, "na kosa tunaliona kabla ya jiwe la kwanza. Tuwaambie wajukuu zetu nini? Kwamba tulijua, ila karatasi ya Hamad ilikuwa imeshapigwa muhuri?"

Sasa vijana wangu, hapa pasomeni pole pole, maana hapa ndipo watu wa kazi yetu wanapopotelea.

Kupinda barabara kulikuwa kazi ndogo. Kung'oa vigingi, kuvisogeza, kufuta viwanja vitatu vya maduka ambavyo bado havikuwa vya mtu. Lakini mabadiliko ya barabara lazima yaandikiwe sababu, na sababu ilikuwa mimi. Kumhamisha Bi Mize kulihitaji ombi tu la kubadilisha matumizi ya kiwanja chake, kutoka makazi kuwa ibada, naye apewe kiwanja kingine bondeni na nyumba ya kufanana. Sababu ingekuwa msikiti, na nani atapinga msikiti? Nikaandika ripoti kwamba kutokana na hali ya ardhi, inapendekezwa Bi Mize ahamishwe. Ardhi haikuwa na hali yoyote. Mwenye hali nilikuwa mimi.

Nikaenda na fomu kwa Bi Mize apate kuridhia. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Nikamweleza kwa lugha ya ofisini, ile inayokwenda mbali ili isifike. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mie nani hata nimnyime Mwenyezi Mungu kiwanja?" akasema.

Akatia dole gumba. Halafu akaendelea kusuka, na nikaona anafumua alichokisuka, anasuka tena, anafumua tena. Nilipokuwa navaa viatu akaniuliza kitu kimoja, kule bondeni wakati wa masika atapitaje kupanda kuja kuswali. Nikamwambia njia itapangwa. Hilo "itapangwa" ni neno kubwa la kazi yetu, lina nafasi ya kila kitu isipokuwa siku. Safari ile hakunitilia kahawa, wala sikuthubutu kuitarajia.

Nyumbani nilimhadithia mke wangu, Bi Riziki, nikapitia msikiti, nikapitia kamba, nikapitia hali ya ardhi. Akanisikiliza huku akipepeta mchele.

"Na aliyekosea ramani ni nani?" akauliza.

Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu.

"Aa," akasema. "Basi ni wewe."

Akaendelea kupepeta. Nimekaa na wakubwa wengi wa kazi, wenye vyeti vya ng'ambo, sijapata kukaguliwa kwa ufupi kama ule.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri Maalim Shaame akanishika mkono nje ya msikiti wetu. Akaniuliza kama Bi Mize ametoa kiwanja kwa radhi yake. Nikamjibu ametia dole gumba.

"Sikukuuliza dole, nimekuuliza radhi. Mtu akikupa kwa kuona haya, Hamad, hajakupa. Umemnyang'anya kwa adabu. Na mie sitaongoza swala juu ya kitu cha kunyang'anya. Mkipitisha hilo, tafuteni imamu mwengine." Akauachia mkono wangu, kisha akaushika tena. "Na usiniambie hukujua. Haya nilikusomesha mwenyewe."

Nilikwenda kikaoni na ripoti yangu mkobani. Ningependa kukuambieni nilikwenda nimeshaamua. Hapana. Nilikwenda nikitaraji kikao kiahirishwe, na njiani nilimwomba Mungu hivyo hasa, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, nisije nikakosa kueleweka. Hakikuahirishwa. Wajumbe walitimia wote, mpaka yule ambaye kwa kawaida huwa na udhuru.

Nikasimama, nikavaa miwani, nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye "kutokana na hali ya ardhi" nikakwama. Nikaanza sentensi upya, nikakwama palepale. Nilikuwa naiona ile mikono ikifumua ukili. Mwenyekiti akaniambia niendelee. Nikaiweka ripoti mezani.

"Mwenyekiti," nikasema, "ardhi haina kosa. Niliigeuza karatasi nikasahau kwamba nimeigeuza. Msikiti nimeuelekeza kusiko, na sasa nataka bibi wa watu ahame nyumbani kwake ili mstari wangu usipinde. Naomba mpinde mstari."

Mwenyekiti akaivuta ramani karibu, akautafuta mshale kwenye pembe, akainamisha kichwa mpaka akalingana nao. Wajumbe waliomkabili nao wakainamisha vichwa. Ungetuona kwa dirishani ungesema tumepatwa na ugonjwa wa shingo.

"Mshale huu ulikuwepo tangu mwanzo?" akauliza.

"Ulikuwepo, Mwenyekiti."

"Na saini yangu hii hapa chini yake."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

Akavua miwani, akaifuta. Mjumbe mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa heshima zote kama nina hakika na upande ninaoswalia nyumbani kwangu miaka yote hii. Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko kile cha siku ya kamba, lakini hiki sikukionea uzito, sijui kwa nini. Wakapitisha, barabara ipinde, fomu ya Bi Mize ichanwe, na vigingi vya kona nikavipigilie mwenyewe, mbele ya watu, na kanzu yangu mpya. Hilo la kanzu halikuandikwa kwenye muhtasari, lakini lilitekelezwa.

Leo mkipita mtaa ule mtaiona. Barabara inakwenda kama alifu, ikifika msikitini inajikunja kama herufi ya dali, halafu inanyooka tena kama haikufanya kitu. Kona ile haina maana kwa mgeni. Waendesha bodaboda wanaiita Kona ya Hamad, na mtu akiwauliza Hamad ni nani wanamwambia ni mzee mmoja aliyesinzia akichora. Sijawasahihisha, maana wamekaribia sana ukweli. Msikiti umesimama, safu zake zimenyooka, na Maalim Shaame aliongoza swala pale mpaka mauti yalipomfika, Mungu amlaze pema. Nikipita pale nashukuru kwa mambo mengi, na kubwa ni kwamba aibu ilinikuta nikiwa hai, mahali inapofutika.

Ila siku ile ya kikao nilikuwa sijui bado kama imefutika. Nilitoka ofisini moja kwa moja kwenda kwa Bi Mize, nikamchukua Fundi Kombo njiani ili nisifike peke yangu. Tukamkuta hakungoja barua. Mikeka yake imekunjwa imefungwa, vyungu vimepangwa ukutani, na kabati lake la vyombo, kubwa, la mbao za zamani, limesimama nje juani kama mtu aliyefukuzwa.

"Bi Mize," nikasema, "huhami."

Akaketi juu ya mikeka iliyofungwa.

"Na msikiti?"

"Utajengwa palepale. Ila sasa utaelekea Makka."

"Kwani mwanzo ulikuwa unaelekea wapi?"

Nikamweleza yote, safari hii kwa Kiswahili cha nyumbani. Karatasi, mshale, ripoti, hali ya ardhi. Sikuacha kitu, na Fundi Kombo alikuwa pale kunikumbusha nilipotaka kuacha. Bi Mize hakucheka. Wala hakuniombea dua, ingawa, Mungu anisamehe, amina nilikuwa nimeshaiweka tayari mdomoni. Nilipomaliza alinyoosha kidole kwenye kabati.

"Hilo umelitoa wewe," akasema. "Lirudishe ndani."

Nikalitazama kabati, nikautazama mlango. Kabati lilionekana pana kuliko mlango. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa futi yangu, nikainama kupima kizingiti.

"Wee Hamad," akasema Bi Mize nyuma yangu, "wacha kupima. Shika huko, inua."

Fundi Kombo akashika upande wa pili. Nikainua.